MILANGO YA INI: Kwa Nini Dawa Moja Humponya Huyu na Kumdhuru Yule

Katika vikundi tunavyotembelea swali hili huulizwa mara kwa mara: "Mbona dawa ile ile ilimponya jirani yangu, na mimi ikanilaza kitandani?" Wengine hujibu kwamba ni bahati mbaya. Wengine husema dawa ilikuwa kali au ilikuwa feki. Wengine hutafuta mtu wa kulaumu. Katika toleo hili tungependa tutazame jibu moja ambalo ni nadra kusikika vijijini, ingawa kila mmoja wetu amelibeba ndani ya mwili wake. Jibu hilo liko katika ini.

Somo hili limekusudiwa kusomwa kwa sauti kikundini, katika mikutano miwili. Anayejua kusoma awasomee wenzake pole pole. Mwishoni kuna igizo fupi na maswali ya kujadili.

INI LIKO WAPI, NA LINAFANYA NINI?

Kila aliyewahi kuchinja mbuzi analijua ini. Anajua pia kale kamfuko ka nyongo kalikoshikamana nalo, ambako hukatwa kwa uangalifu kasije kakapasuka na kutia nyama uchungu. Ini la binadamu liko upande wa kulia, chini ya mbavu. La mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi.

Ukimeza chakula au dawa, vitu vile hupenya utumbo na kuingia katika damu. Lakini damu hiyo haiendi moja kwa moja kichwani au miguuni. Kwanza hupitia mshipa mkubwa unaoipeleka kwenye ini. Kwa hiyo ini ndilo la kwanza kukutana na karibu kila tunachokimeza, kizuri au kibaya.

Hapo ini hufanya kazi tatu. Kwanza, huchukua dawa kutoka katika damu. Pili, huibadilisha kwa kutumia vimeng'enya vyake, mara nyingi ili iwe rahisi kutolewa. Tatu, huitoa. Nyingine huitoa kupitia nyongo, iende tumboni na kutoka na choo. Nyingine huirudisha katika damu ili figo ziitoe na mkojo.

MFANO WA KITUO CHA MAZIWA

Wengi wetu tunakijua kituo cha kukusanya maziwa. Asubuhi wakulima hufika na mitungi. Langoni kuna karani anayepokea. Ndani kuna tangi la baridi. Upande wa pili kuna lango ambalo lori hupitia kubeba maziwa kwenda kiwandani. Kituo hakiwezi kufanya kazi kama lango moja limefungwa, hata tangi likiwa zuri namna gani.

Ini nalo limejengwa hivyo. Limeundwa kwa chembe hai nyingi sana, ndogo kuliko macho yetu yanavyoweza kuona. Kila chembe ina ukuta wake. Kuna dawa zinazopenya ukuta huo zenyewe, kama mafuta yanavyopenya karatasi. Lakini nyingi haziwezi. Hizo zinahitaji mlango.

Milango hiyo ni protini. Si ile protini ya maharagwe tunayokula, bali ni protini ambazo mwili wenyewe unazitengeneza na kuzipachika katika ukuta wa chembe. Kila mlango una vitu unavyovikubali na vitu unavyovikataa. Wataalamu wameipa majina ya herufi na tarakimu, na si lazima kuyakariri. Kilicho muhimu ni kujua upande wa kila mlango:

1. Milango ya kuingilia, iliyo upande wa damu. Mmojawapo huitwa OATP1B1. Mwingine huitwa OCT1.

2. Milango ya kutokea, iliyo upande wa nyongo. Mmojawapo huitwa BSEP. Huo ndio unaotoa chumvi za nyongo, ambazo hutusaidia kusaga mafuta tunayokula. Mwingine huitwa P-glikoprotini, nao hutoa dawa za namna nyingi.

3. Milango ya nyuma, ambayo hurudisha vitu katika damu ili viende kwenye figo.

Sasa tuangalie mambo matatu yanayoweza kwenda mrama.

JAMBO LA KWANZA: LANGO LA KUINGILIA LIMEFUNGWA

Karani asipofungua, maziwa hubaki barabarani juani. Hayaharibiki ndani ya kituo, yanaharibikia nje.

Ndivyo inavyokuwa kwa dawa za kupunguza mafuta katika damu, kwa mfano simvastatini. Kazi yake iko ndani ya ini, na ili ifike huko hutegemea sana mlango ule wa OATP1B1. Mlango ukiwa dhaifu, dawa hubaki nyingi katika damu na kufika kwenye misuli. Misuli huuma, hulegea, na kwa wachache huharibika kabisa hata kuziba figo.

Mwaka 2008 watafiti wa Uingereza walichapisha habari za wagonjwa waliokuwa wakimeza miligramu 80 za simvastatini kila siku. Walikuta kwamba kuna watu wanaozaliwa na mlango huo ukiwa dhaifu. Aliyerithi udhaifu huo kwa baba na kwa mama alikuwa katika hatari ya kuharibika misuli kwa karibu mara 17 kuliko asiye nao. Mwaka 2011 wakuu wa dawa wa Marekani waliagiza madaktari wasiwaanzishie wagonjwa wapya kipimo hicho kikubwa. Udhaifu wa namna hiyo hupatikana zaidi kwa Wazungu na Waasia kuliko kwetu Waafrika, lakini funzo ni la wote: watu wawili wanaweza kumeza kidonge kile kile, na kikawa kipimo cha kutosha kwa mmoja na kipimo cha kuzidi kwa mwingine.

Mlango unaweza pia kufungwa na dawa nyingine. Kulikuwa na dawa ya mafuta iliyoitwa serivastatini. Wagonjwa wengine walipewa pamoja na dawa nyingine iitwayo gemfibrozili. Kumbe gemfibrozili huuziba mlango ule wa kuingilia, na tena hukizuia kimeng'enya kinachoivunja serivastatini. Dawa ikalundikana katika damu. Watu walikufa kwa kuharibika misuli, na mwezi wa Agosti 2001 serivastatini ikaondolewa sokoni. Kila dawa peke yake ilikuwa na wateja wake waliopona. Hatari ilizidi zilipokutana.

Wenye kisukari nao wasikilize. Dawa ya metformini huingia katika ini kupitia mlango OCT1. Mwaka 2007 watafiti wa California walifanya jaribio na watu wachache wenye afya. Walikuta kwamba kwa wale wenye mlango huo dhaifu, metformini haikushusha sukari vizuri kama kwa wenzao. Basi mgonjwa ambaye sukari yake haishuki asihukumiwe upesi kwamba "anakula ugali mwingi" au "hamezi dawa". Apimwe, asikilizwe, na daktari aamue kama ataongezewa au kubadilishiwa.

JAMBO LA PILI: LANGO LA KUTOKEA LIMEZIBA

Sasa tuseme maziwa yamepokelewa vizuri, lakini lori halikuja. Siku ya kwanza tangi limejaa. Siku ya pili maziwa yameganda. Siku ya tatu kituo chote kinanuka.

Chumvi za nyongo zina nguvu kama ya sabuni. Zikiwa tumboni zinatufaa. Zikibaki ndani ya chembe za ini zinaziunguza. Mlango wa BSEP ndio unaozitoa. Wako watoto wachache ambao huzaliwa bila mlango huo kufanya kazi, na ini lao huanza kuharibika wakiwa bado wadogo. Hilo latuonyesha mlango mmoja tu una uzito gani.

Dawa nyingine huuziba mlango huo. Mfano unaojulikana sana ni troglitazoni, dawa ya kisukari iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1997. Baada ya muda wagonjwa wengine wakaanza kufa kwa ini kushindwa kazi, na mwezi wa Machi 2000 ikaondolewa. Uchunguzi wa maabara ulionyesha kwamba dawa hiyo, na hasa kitu ambacho ini lenyewe hutengeneza kutokana nayo, huziba BSEP. Wataalamu wanaona hiyo ni mojawapo ya sababu za madhara yale, ingawa si lazima iwe ndiyo pekee. Siku hizi watengenezaji wa dawa mpya hupima mapema kama dawa inaingilia milango ya ini.

JAMBO LA TATU: MALORI YAMEZIDI

Na je, kama kituo kina malori mengi kupita kiasi? Maziwa yakifika tu yanapakiwa na kuondoka. Mwenye duka jirani hapati hata kikombe.

Dawa nayo inaweza kutolewa haraka mno, kabla haijafanya kazi yake. Hapa hakuna sumu inayoonekana. Mgonjwa anameza, anadhani anatibiwa, kumbe dawa imepungua mwilini na ugonjwa unaendelea chini kwa chini.

Dawa inayojulikana kuliko zote kwa jambo hili tunayo hapa kwetu kila siku. Ni rifampisini, ile ya kutibu kifua kikuu (TB).

RIFAMPISINI: RAFIKI ANAYEHITAJI KUELEWEKA

Kwanza tuipe heshima yake. Zamani matibabu ya TB yalichukua mwaka mmoja au zaidi. Mwaka 1972 ilichapishwa ripoti ya jaribio lililofanyika katika nchi zetu za Afrika Mashariki pamoja na watafiti wa Uingereza. Ilionyesha kwamba rifampisini ikiongezwa, matibabu yanaweza kufupishwa hadi miezi 6. Kwa hiyo wagonjwa wa sehemu zetu walisaidia kuufundisha ulimwengu wote.

Lakini rifampisini ina tabia mbili. Siku za kwanza huziba ule mlango wa kuingilia, OATP1B1. Ikiendelea kwa wiki moja au mbili, huamsha ini litengeneze vimeng'enya vingi zaidi, pamoja na milango zaidi ya P-glikoprotini ya kutoa dawa nje. Hapo dawa nyingine mwilini huanza kupungua nguvu. Ikiachwa, huchukua wiki mbili hivi ini kurudi katika hali yake ya kawaida.

Matokeo yake ni haya:

- Anayetumia dolutegraviri kwa ajili ya virusi vya UKIMWI kwa kawaida humeza miligramu 50 mara moja kwa siku. Akianza rifampisini hupewa mara mbili kwa siku, na huendelea hivyo kwa wiki mbili baada ya kumaliza rifampisini. Kidonge cha pili hakimaanishi kwamba hali imekuwa mbaya. Kinaziba pengo tu. Tumesikia watu wakikiacha cha jioni kwa kuogopa "kuzidisha". Huko ni kuwapa virusi nafasi.

- Mama anayetumia vidonge vya kupanga uzazi anaweza kupata mimba asiyoitarajia, kwa sababu homoni hupungua mwilini. Anayetumia njia nyingine ya homoni naye amweleze muuguzi kabla ya kuanza matibabu ya TB.

- Baadhi ya dawa za presha, kama nifedipini, hupungua nguvu sana. Vivyo hivyo dawa ya kuzuia damu kuganda iitwayo warfarini. Mgonjwa apimwe mara kwa mara wakati wa matibabu ya TB na baada ya kuyamaliza.

Mtu asisome haya akasema, "Basi naacha dawa za TB." La, hasha! TB isiyotibiwa huua, na TB iliyotibiwa nusu nusu hugeuka sugu. Tunachoomba ni kwamba anayekutibu ajue kila kitu unachomeza.

DALILI ZA KUANGALIA

Dawa za TB kama isoniazidi, pirazinamidi na rifampisini huweza kudhuru ini la mtu mmoja mmoja. Wengi hawapati shida hiyo. Lakini anayeipata asicheleweshwe. Angalieni dalili hizi:

- Kukosa hamu ya chakula kabisa, kichefuchefu na kutapika kusikoisha.
- Uchovu mkubwa usio wa kawaida.
- Maumivu upande wa kulia chini ya mbavu.
- Weupe wa macho kuwa manjano.
- Mkojo mweusi kama chai ya rangi, au choo kuwa cheupe kama udongo.
- Mwili kuwasha bila upele.

Angalizo: rifampisini hugeuza mkojo, jasho na machozi kuwa rangi ya machungwa. Hilo peke yake si hatari, na huanza mara tu baada ya kumeza. Lakini weupe wa macho ukiwa manjano, hilo ni jambo jingine.

Mwenye dalili hizi aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, na asimeze dozi inayofuata kabla ya kuonwa. Asiache dawa na kukaa nyumbani. Wako wanaoacha kimya kimya, aibu ikawashika, wakarudi hospitali wakiwa wamebebwa kwa machela. Mara nyingi wahudumu wanaweza kupumzisha ini, kisha wakarudisha dawa moja baada ya nyingine hadi wajue ile yenye shida.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

1. MFUKO MMOJA WA DAWA. Kila mwanachama aweke dawa zake zote katika mfuko mmoja: za hospitali, za duka la dawa, na za kienyeji. Akienda kliniki aende na mfuko wote. Usiseme tu "nameza ile nyeupe". Nyeupe ni nyingi.

2. TUSIAZIMANE DAWA. Tunaazimana jembe na sufuria, na hiyo ni desturi njema. Lakini ini halijui ujirani. Milango yako si milango ya mwenzako.

3. TUHESABU PARASETAMOLI. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku moja, na aliyedhoofika au anayekunywa pombe sana aulize kwanza, huenda akahitaji vichache zaidi. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, kwa hiyo mtu anaweza kuimeza mara mbili bila kujua.

4. POMBE IKAE KANDO. Chang'aa na busaa pamoja na dawa za TB huongeza hatari ya ini kuumia.

5. TUSEME UKWELI KUHUSU MITISHAMBA. Hatusemi kila mti ni sumu. Tunasema nyingi hazijapimwa kuona kama zinafunga au kufungua milango ya ini. Na nyingine zinajulikana kuwa na madhara. Komfri, ambayo wengine hulima kwa ajili ya mifugo, ina vitu vinavyoharibu ini, na haifai kunywewa kama chai.

6. TUKAUSHE MAHINDI VIZURI. Ini lililokwisha kujeruhiwa halina nguvu ya kubeba dawa. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na sehemu jirani, watu 317 waliugua na 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu, ambayo hushambulia ini. Ghala kavu ni dawa pia.

IGIZO FUPI

(Wanachama wawili waigize. Mmoja awe mzee, mwingine awe muuguzi kijana.)

MUUGUZI: Karibu, baba. Habari ya nyumbani?

MZEE: Ni nzuri, daktari. Nimekuja kuchukua zile za kifua.

MUUGUZI: Sawa, baba. Kuna dawa nyingine unameza?

MZEE: Hapana. Ni hizi tu.

MUUGUZI: Hata ya presha?

MZEE: Aa, ya presha naimeza, lakini hiyo ni ya siku nyingi. Hiyo si ugonjwa tena.

MUUGUZI: Ni vizuri umeniambia, baba. Na mitishamba?

MZEE: Mitishamba hapana. Ni supu tu. Kuna mizizi fulani mama watoto anatia kwenye supu.

MUUGUZI: Baba, hata hiyo mizizi kwangu ni dawa. Sikuulizi ili nikugombeze. Hizi za kifua zinaweza kupunguza nguvu ya ile ya presha, na sijui mizizi inafanya nini ndani. Wacha tukupime presha leo, na supu tuinywe bila mizizi hadi umalize. Unakubali?

MZEE: Nakubali. Lakini nyama ibaki.

MUUGUZI: Nyama ibaki, baba.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mzee hakutaja dawa ya presha mara ya kwanza? Je, nasi huficha au husahau nini tukiwa mbele ya muuguzi?

2. Elezeni kwa maneno yenu tofauti kati ya lango la kuingilia kufungwa, lango la kutokea kuziba, na malori kuzidi. Ni lipi linaloweza kumdhuru mtu bila yeye kujisikia vibaya?

3. Katika kikundi chetu, nani anaweza kuchaguliwa kuwatembelea wanaomeza dawa za TB na kuwatazama macho, bila kutangaza siri zao?

4. Nauli ya kwenda kituo cha afya ghafula ikikosekana, kikundi kinaweza kutenga kiasi gani katika mfuko wa dharura?

KAZI YA NYUMBANI: Kabla ya mkutano ujao, kila mwanachama ahesabu dawa zilizo nyumbani mwake, zikiwemo za kienyeji, na aandike majina yake katika karatasi moja. Asiyejua kuandika asaidiwe na mtoto wa shule. Karatasi hiyo iwekwe ndani ya mfuko wa dawa, na isitolewe humo ila mbele ya anayekutibu.